Sato wa Luchelele: nyota nne, ya tano imeliwa na choo

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Sato wa kati, yule anayelala sahani nzima na mkia ukachungulia nje, ni shilingi 15,000. Mkubwa wa kutosha watu wawili wasiogombana ni 22,000. Ugali, uwe wa dona au wa udaga, yaani unga wa muhogo, 1,500. Kachumbari, mlenda na pilipili havilipiwi, na ukiomba ndimu ya pili hununiwi. Soda ya chupa 1,000. Bia inatoka duka la jirani na inafika ya moto, kwa hiyo mnywaji ajipange mapema.

Kufika: ukiwa Mwanza mjini, daladala hadi stendi ya Nyegezi, kisha bodaboda kupitia Malimbe mpaka Luchelele, ushuke pale njia inaposhindwa na mawe. Banda halina kibao. Lina bati la bluu lililopauka, mwembe mmoja, na mtumbwi mbovu uliopinduliwa ambao siku hizi ni benchi. Ukipotea, ulizia kwa mama wa mwembe.

Sasa nikiri jambo, ili kila mtu apime maneno yangu kwa mizani yake. Nina miaka 30. Nimezaliwa Kirumba, kutoka kwetu hadi soko la samaki la Mwaloni ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Na huyu sato wa Luchelele ndiye samaki wa kwanza kupita kooni mwangu. Najua. Nimeshachekwa na madereva wenzangu hadi wamechoka wenyewe. Mtu wa Mwanza asiyekula samaki ni sawa na Mhaya asiyekula ndizi, watu wanakutazama kama mgonjwa.

Na kweli nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa na mzio. Mama alimwambia mwalimu wangu wa darasa la kwanza, "Huyu akila samaki koo linavimba," na maneno hayo yakanifuata darasa kwa darasa. Siku ya dagaa mimi napewa maharage. Kwenye harusi nakaa upande wa nyama. Nilipoomba kazi ya kuendesha watalii niliandika kwenye fomu, sehemu ya afya: mzio wa samaki. Hakuna daktari aliyewahi kunipima. Sikuona haja, mama alishasema.

Aliyeniponya ni mkate.

Mwaka jana, Juni, nilimbeba bibi mmoja kutoka Montreal, Kanada, mwenye miaka 77, mwembamba, mkaidi, anayefunga mkanda wa gari kabla mimi sijafungua mlango wangu. Tulikuwa tunakwenda Serengeti kupitia geti la Ndabaka, kama kilomita 130 hivi kwa barabara ya Musoma. Asubuhi hotelini nilimwona anachukua vipande viwili vya mkate mezani, anavikunja kwenye tishu, anavitia kwenye pochi. Sikushangaa, watalii wengi hubeba cha njiani. Lakini tulipopita Magu hajala. Lamadi hajala. Nikamwambia, "Bibi, mbele kuna nyani. Wakiona mkate wanaingia mpaka ndani ya gari. Ama uule ama tuutupe hapa."

Akajibu, "Kuula siwezi, nimeshiba. Kuutupa pia siwezi." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

Nikaegesha. Tukakaa chini ya mti pale Lamadi, akanisimulia, na mkate ukiwa mapajani mwake muda wote.

Alizaliwa mwaka 1948 Ujerumani, Bergen-Belsen. Mimi jina hilo nililisikia shuleni kwenye Vita Kuu ya Pili, ukurasa mmoja, mwalimu akaruka. Ilikuwa kambi ya mateso ya Wanazi. Waingereza walipoifikia tarehe 15 Aprili 1945 walikuta watu kama 60,000 ndani, wengi wao wakiwa katika kufa, na maelfu ya maiti juu ya ardhi hazijazikwa. Siku za mwisho hapakuwa na mkate kabisa. Mama yake alikuwa mle. Alitoka Łódź, Poland, akapitishwa kwanza Auschwitz, kambi yao nyingine ya mauaji. Kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, wazazi wa mama huyo na ndugu zake wote walikuwamo, na yeye peke yake ndiye aliyebaki. Waingereza wakachoma mabanda ya kambi kwa moto kwa ajili ya homa ya chawa, waliosalia wakahamishiwa kwenye majengo ya jeshi pale jirani. Hapo ndipo watu waliofiwa na kila mtu walipoanza kuoana haraka haraka, na hadi mwaka 1950 walikuwa wamezaliana watoto zaidi ya 2,000. Yeye ni mmoja wao. Akaniambia, "Nimezaliwa mwendo mfupi tu kutoka pale mama alipolala akisubiri kufa, na hakuna aliyeniambia."

Walihamia Montreal yeye akiwa mdogo. Friji imejaa, baba ana kazi, na mama analala na kipande cha mkate chini ya mto. Kila asubuhi mtoto anatoa kile kilichokauka, jioni mama anaweka kipya, na hakuna anayesema neno. Alidhani ndivyo nyumba zote zinavyoishi. Alipokuwa na miaka saba akaenda kulala kwa rafiki yake, akainua mto, akakuta patupu. Akawaonea huruma sana. Akasema moyoni, maskini hawa, hata mkate hawana.

Nilicheka, naye akacheka. Halafu akaniambia habari ya mwaka 1961, wakati Eichmann, afisa wa Nazi aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, alipokuwa akishitakiwa Jerusalem na mashahidi zaidi ya 100 wakasimama kusema yaliyowapata. Redio zote zinasema. Mama yake akazima redio. Usiku msichana akaamka kwenda kunywa maji, akamkuta baba amepiga magoti jikoni, sikio limebanwa kwenye redio, sauti ya chini kabisa. Baba akamwona. Naye akarudi kulala bila maji.

Kumbe kuna madaktari waliowafuatilia watoto kama yeye. Hapo hapo kwao Montreal daktari wa akili aitwaye Vivian Rakoff aliandika mwaka 1966 juu ya watoto wa walionusurika waliokuwa wakiletwa kwake na wazazi. Baadaye watafiti wengine waliwapima wale wasiokwenda hospitali, wakakuta kwa jumla hawaumwi akili kuliko watu wengine. New York nako kuna profesa, Rachel Yehuda, aliyetafuta alama ya mateso ya wazazi kwenye damu ya watoto, na kuna wanasayansi wanaombishia kwamba watu aliowapima ni wachache mno. Bibi aliwahi kuombwa kutoa damu akakataa. "Damu yangu ya nini," akasema, "wangepima pochi yangu."

Geti la Ndabaka tulilipita mkate ukiwa ndani ya boneti la gari, umefungwa kwa kamba. Nyani hawakuupata. Haya, turudi kwenye samaki.

Nilimsimulia mama habari hiyo kama kichekesho tu, jioni, anachambua mchele. Sehemu ya mto wa rafiki hakucheka. Akaniuliza, "Huyo mama yake alikuja kumwambia lini?" Nikamjibu, "Hakumwambia. Alikufa hajamwambia. Mtoto alijua mwenyewe." Mama akaendelea kuchambua. Tukala, tukalala. Siku ya pili yake, anachambua tena mchele, ule ule ambao ulishakuwa safi, akasema bila kuinua uso: "Wewe huna mzio, baba."

Mambo niliyoyapata siku hiyo ni haya, na mengine nimeyaokoteza kwa majirani wa zamani. Mpaka mwaka 1994 mama alikuwa muuza sato pale Mwaloni, miaka kumi na moja, mwenye wateja wake hadi Shinyanga. Kaka yake, mjomba wangu ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo, alikuwa anavua upande wa Uganda, Kasensero, karibu na pale Mto Kagera unapoingia ziwani. Rwanda ilipowaka kwa mauaji ya kimbari Aprili mwaka ule, maiti zilitupwa mitoni, na mito ile inashuka Kagera, na Kagera inashuka ziwani. Zilifika zikiwa zimenaswa kwenye magugu maji. Wavuvi wakawa ndio wa kuzivuta. Huko Uganda wamezikwa karibu watu 11,000 katika makaburi ya pamoja, Kasensero, Lambu na Ggolo. Mjomba alihesabu mpaka akaacha kuhesabu. Akarudi Mwanza kwa basi, hana hata begi, akakaa sebuleni kwetu usiku mmoja na dada yake. Hakuingia tena kwenye mtumbwi. Amekufa mwaka 2009 akiwa fundi ujenzi Buhongwa.

"Alikwambia nini?" nikamuuliza mama.

"Aliniambia neno moja kuhusu nyavu. Hilo sikwambii."

Na mpaka leo hajaniambia.

Habari ya Kagera ilishafika Mwaloni, watu walisusa samaki, sato akaoza kwenye matenga. Wenzake walisubiri upepo upite. Mama hakusubiri, alihamia Mlango Mmoja kuuza mitumba na hakurudi. Mimi nikazaliwa mwaka uliofuata. Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na hapa hapa Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, na mji mzima ukaacha tena samaki kwa muda. Mji ulirudi kula. Nyumba yetu haikurudi. Lakini mtoto anakua, anauliza kwa nini jirani wanakula sisi hatuli, na utamwambiaje wa miaka minne? Ukimwambia koo litavimba anaelewa haraka.

Sikumkasirikia. Kwa siku mbili hivi nilikasirika, halafu nikakumbuka yule msichana aliyekuwa anatoa mkate mkavu kila asubuhi bila kuuliza. Mimi nami nilikuwa najua. Mtoto wa Kirumba anayepita Mwaloni kila siku bila hata mara moja kuonja dagaa kwa wizi, wakati aliiba maembe, aliiba sukari, aliiba hadi hela ya sadaka? Nilijua kuna mlango pale, na kwamba haufunguliwi.

Basi, banda. Nilikwenda peke yangu Jumanne moja ya Agosti, saa saba mchana, na vidonge vya mzio mfukoni kutoka duka la dawa. Akili ilishaamini, koo bado.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Wa ziwani au wa kizimba?"

Hapo nikakwama. Kwa walio kama mimi: siku hizi sato wengi wanafugwa kwenye vizimba humo humo ziwani. Wa kizimba ni mnene, laini, ana mafuta. Wa ziwani ni mwembamba kidogo, nyama yake imeshikana, na wajuzi wanasema ndiye mwenye ladha. Bei hapa ni moja, jambo ambalo silielewi na ambalo baadaye lilizua ugomvi. Nikamwambia achague yeye. Akatoa mmoja kwenye beseni, akapara magamba, akamkata mikato mitatu kila ubavu, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, akamweka pembeni anywe viungo.

Kisha ukasubiri. Dakika 50, nilizihesabu. Hili ni kosa la banda, maana jiko ni moja na karai ni moja. Ukienda na njaa utakula kucha zako. Hakuna kitu cha kuanzia, labda karanga za mtoto anayepita. Spika za jirani zinapiga bongofleva ile ile mara nne. Inzi wanaanza saa nane. Choo kipo nyuma ya mwembe, na sitasema zaidi kwa kuwa wengine mnasoma mkila, isipokuwa kwamba nyota ya tano ndimo ilimozama.

Lakini sato alipofika! Ngozi imekauka rangi ya kahawia, ukiigusa inavunjika kama sambusa, na ndani nyama nyeupe inayotoka kwa mapande, ina unyevu, haina harufu ile niliyoipita maisha yangu yote nikiwa nimeshika pua. Ugali wa udaga ulikuwa umeiva vizuri, mzito, unashika mchuzi. Mlenda mwepesi. Pilipili yake ni mbuzi mbichi iliyopondwa na ndimu, ionjeni kwa ncha ya kidole kwanza.

Shida ilikuwa miiba. Nilimshika samaki kama kuku. Mama mwenye banda akaniangalia kwa muda.

"Wewe si wa huku?"

"Wa Kirumba."

Akacheka, halafu kicheko kikakatika katikati. Umri wake na wa mama yangu ni mmoja, labda amemzidi mwaka. Alinitazama tena, akavuta kigoda, akasema, "Basi anza mgongoni. Usianzie tumboni, tumboni ndiko kuna miiba midogo." Akanionyesha kwa kidole bila kugusa sahani. Hakuniuliza zaidi. Nimekula mahoteli ya mjini ambako mhudumu anakuuliza maswali kumi, na hakuna aliyewahi kunihudumia vizuri namna ile.

Nikala, nikasubiri koo. Halikuvimba. Nilivuja jasho na machozi, nikamwambia ni pilipili, akaniletea maji. Vidonge nilimpa bodaboda, ana mafua ya vumbi.

Tangu siku hiyo nimerudi mara sita, kwa hiyo haya mengine nayasema kama mzoefu. Mchemsho wake usihangaike nao, nyanya nyingi, samaki hasikiki. Sangara wa vipande ni mzuri kwa anayeogopa miiba. Wa kuchoma ni lazima uagize asubuhi kwa simu. Lipa kwa taslimu, namba ya malipo ipo lakini mtandao pale kwenye mawe unakuja na kuondoka. Siku bora ni katikati ya wiki, Jumamosi wanafunzi wanajaa na samaki wakubwa wanaisha mapema.

Mara ya sita ilikuwa Jumapili iliyopita, nilikwenda na mama. Nilimwambia tunakwenda kupunga upepo. Hakudanganyika, alivaa viatu vya zamani. Akachagua kiti kinachotazama barabara, ziwa likabaki mgongoni kwake, akaagiza chai ya rangi. Mimi nikaagiza mkubwa, wa 22,000, wa ziwani, nikasisitiza wa ziwani.

Alipoletwa, mama alitazama kwingine. Nikaanza mgongoni kama nilivyofundishwa. Nadhani nilikuwa nafanya vizuri. Baada ya kama dakika tano nikasikia, "Unamharibu." Akavuta sahani.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mikono ya mama ninaijua ikikunja mashati ya mitumba. Vidole viwili vikapita mgongoni, pezi likatoka lote pamoja na mizizi yake. Akabonyeza kidogo karibu na kichwa, akavuta, na uti mzima ukanyanyuka mkavu kama zipu. Ubavu wa juu akausukuma upande wangu, wa chini akaugeuza, akautoa miiba ya tumboni mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani kwa urefu. Nadhani hakujua kama anaipanga. Hakutia hata chembe mdomoni. Kisha akaenda kwenye ndoo ya bomba, akanawa, akaomba ndimu, akanawa tena, akanusa vidole, akanawa mara ya tatu.

Aliporudi akaniuliza, "Huyu umeambiwa wa ziwani?"

"Ndiyo."

"Kwa bei gani?"

Nikamwambia. Akageuza kipande kwa kijiko. "Tazama mafuta haya. Wa kizimba huyu. Umepigwa." Na kabla sijamzuia ameshaita, "Mama wee, njoo hapa," na wale wawili wakaanza kubishana, kwanza kwa Kiswahili, kisha Kisukuma, kisha wakashika mkia wa yule samaki kila mmoja upande wake wakitazama rangi ya mapezi, mama yangu akitaja majina ya watu waliokuwa Mwaloni zamani, na mwenye banda akisema huyo namjua, na huyo alishakufa. Walikaa hapo hadi chai ikapoa. Nikarudishiwa 4,000.

Tunaondoka, mama akasema kichwa kifungwe kwenye karatasi, ni dhambi kukiacha. Akamwambia mwenye banda anampelekea paka wa jirani.

Jirani yetu hana paka.